Sajini York, mzee wa kanisa aliyetoka vitani akajenga shule

Poleni na majaribio ya wiki hii, na wale ambao bumu bado halijaingia, poleni mara mbili. Leo naacha kidogo habari za kampasi niwaletee mtu wa historia, maana naona anatuhusu sana sisi watu wa ualimu.

Anaitwa Alvin Cullum York, Mmarekani. Ukimtaja kwa mtu anayependa filamu za zamani atakwambia, ah, si yule askari aliyekamata Wajerumani 132 kwa mkupuo! Ndiye huyo huyo. Lakini jamani, ile ni asubuhi moja tu katika maisha ya miaka 76. Miaka iliyobaki alikuwa mtoto wa mkulima maskini, mlevi, mlokole, mume, baba, mdaiwa, na mtu aliyehangaika karibu maisha yake yote kujenga shule. Hoja yangu leo ni moja: hiyo shule ndiyo ushujaa wake mkubwa, na sisi tutakaoshika chaki tusiwape wanafunzi ile asubuhi peke yake.

KIJANA WA MILIMANI

York alizaliwa tarehe 13 Desemba 1887 katika kijiji cha Pall Mall, jimbo la Tennessee, karibu kabisa na mpaka wa Kentucky. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, vyumba viwili, na humo walilelewa watoto kumi na mmoja. Yeye alikuwa wa tatu. Baba alikuwa mkulima na mhunzi, na nyama ya mezani mara nyingi ilitoka porini. Shule ya kijiji ilikuwepo, ila mtoto alienda pale tu ambapo shambani hakuna kazi. Ukijumlisha siku zote alizokaa darasani unapata kama miezi tisa. Miezi tisa! Sisi hapa tumekula miaka kumi na kitu ya madawati na bado tunalalamika kwamba desa ni refu.

Alichojifunza vizuri ni shabaha. Milimani kwao kijana aliwinda kwa sababu risasi ilikuwa pesa, ukikosa umepoteza mboga na pesa kwa pamoja. Kulikuwa na mashindano ya kulenga shabaha, na York alikuwa anazoa zawadi.

Baba yake alifariki mwaka 1911. Kaka zake wakubwa walikuwa wameshaanza maisha yao, kwa hiyo mzigo wa mama na wadogo ukamwangukia Alvin. Alifanya kazi kweli, mashambani na kwenye ujenzi wa reli, lakini alikuwa pia anakunywa. Yaani anakunywa, anacheza kamari, anapigana ngumi. Mwisho wa wiki yeye na wenzake wanaelekea kwenye vilabu vya mpakani, na mama anakesha akisubiri kama mwanawe atarudi mzima. Alimpenda binti jirani, Gracie Williams, lakini nani anataka mkwe wa namna hiyo?

Mwisho wa mwaka 1914 kukawa na mkutano wa injili. York akaenda, na kufikia tarehe 1 Januari 1915 akawa ameokoka. Safari hii haikuwa ya kuokoka leo na kurudi kilabuni kesho. Pombe aliacha, kamari aliacha, ngumi aliacha. Akajiunga na kanisa dogo liitwalo Church of Christ in Christian Union, akawa anaongoza nyimbo, anafundisha watoto siku za Jumapili, na baadaye akawa mzee wa kanisa. Angalieni hapo wadau: kabla hajawa askari alishakuwa mwalimu. Miezi tisa ya shule, na Jumapili amekaa mbele ya watoto na Biblia mkononi.

BARUA YA JESHI

Aprili 1917 Marekani ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na vijana wote wa rika fulani wakatakiwa kujiandikisha. Kanisa la York lilichukua amri ya kutoua kama ilivyoandikwa, bila "lakini". York naye akaichukua hivyo hivyo. Alijiandikisha tarehe 5 Juni 1917 akiwa na miaka 29, na akaomba asamehewe kupigana kwa sababu ya imani yake. Mchungaji wake, Rosier Pile, ambaye ndiye alikuwa pia bwana posta wa kijiji, alimsaidia kuandika maombi. Yakakataliwa. Akakata rufaa, ikakataliwa tena. Sababu? Kanisa lake halikuwa na kanuni yake maalum ya maandishi zaidi ya Biblia yenyewe, na wakubwa waliona hiyo haitoshi. Mapadri na wachungaji wa makanisa makubwa wana karatasi, mkulima wa milimani ana Biblia tu, basi anapelekwa jeshini.

Novemba 1917 akaripoti kambi ya Camp Gordon, Georgia, na baadaye akapangwa kikosi cha 328 cha divisheni ya 82. Akaonyesha shabaha ambayo haijawahi kuonekana pale, halafu akawaambia wakubwa wake waziwazi kwamba hataki kuua mtu.

Sasa hapa ndipo mimi kama mwanafunzi wa ualimu nilipovutiwa. Tulitegemea nini? Matusi, adhabu, mahabusu. Lakini kapteni wake, Edward Danforth, na meja wake, Edward Buxton, walikuwa watu wanaoijua Biblia. Wakakaa naye usiku wakafungua maandiko. Yeye anatoa mstari, wao wanatoa mstari. Walimwonyesha habari ya upanga katika Luka 22, na habari ya mlinzi wa mji katika Ezekieli 33. Yeye anajibu, wao wanasikiliza. Hakuna aliyemcheka kwa sababu ya Kiingereza chake cha milimani. Mwishoni wakampa ruhusa ya siku kumi aende nyumbani akafikiri.

York akapanda mlimani kwao, akakaa huko akiomba, mchana ukaisha, usiku ukaisha. Aliposhuka alisema amepata amani, anaweza kwenda.

Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Mimi mwenyewe kuna siku nakubali na kuna siku nakataa. Kuna waumini wa enzi zile zile waliokataa kabisa kushika bunduki, wakafungwa, na dhamiri zao hazikuwa ndogo kuliko ya York. Ninachosema ni kwamba huyu hakwenda kwa kufuata mkumbo. Alihojiana na Mungu wake kwanza, na waliokuwa na mamlaka juu yake walimpa nafasi ya kuhoji.

ASUBUHI YA TAREHE 8 OKTOBA 1918

Sehemu hii mnaijua wengi kwa hiyo nitakwenda haraka. Mahali ni msitu wa Argonne, Ufaransa, karibu na kijiji cha Châtel-Chéhéry. Wamarekani walikuwa wanajaribu kusonga mbele kwenye bonde na rashasha za Wajerumani zinawafyeka kutoka vilimani. Watu 17 wakatumwa kuzunguka kwa nyuma, kiongozi wao sajini Bernard Early. York alikuwa koplo tu.

Wakazunguka, wakawashtukiza Wajerumani kundi zima. Wakiwa wanawakusanya mateka, rashasha za juu ya kilima zikageuzwa kuwaelekea wao. Ndani ya muda mfupi sana Wamarekani sita wakawa wamekufa na watatu wamejeruhiwa, Early akiwa mmoja wao. Wakabaki wanane, na York ndiye mwenye cheo aliyekuwa na uwezo wa kufanya kitu.

Akafanya alichojifunza utotoni. Kila kichwa kilichoinuka juu ya bunduki, alilenga. Kukatokea wanajeshi sita wanamjia mbio na singe, akachukua bastola akaanza na wa mwisho kuja na wa kwanza, ili wa mbele wasijue kwamba wa nyuma wanaanguka. Ndivyo walivyowinda batamzinga kwao. Hatimaye ofisa wa Kijerumani, luteni Paul Vollmer, akaona watu wake wanaisha akajitolea kuwaamuru wajisalimishe. Waliporudi kwenye mistari yao, York na wenzake saba walikuwa na mateka 132.

Kuna jambo la baadaye ambalo watu hawalisimulii sana. York aliomba ruhusa akarudi pale kuangalia kama kuna majeruhi aliyesahaulika. Hakukuta mtu hai. Akawaombea waliokufa, Wamarekani na Wajerumani pia. Mtu anayejivunia kuua hafanyi hivyo, au sio?

Akapandishwa cheo kuwa sajini, akapewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini kwake. Aprili 1919 gazeti la Saturday Evening Post likatoa habari yake na nchi nzima ikalipuka.

TUSEME UKWELI KIDOGO

Mwanafunzi wa historia hawezi kupita hapa bila kuuliza maswali. La kwanza, magazeti yalipenda kusema York alifanya yote peke yake. Hapana bwana. Walikwenda 17, sita hawakurudi, na saba walitembea naye wakiwalinda mateka. Early alikuja kupewa nishani yake mwaka 1929, miaka kumi na moja baada ya tukio.

La pili linauma zaidi. Mei 1918, katika msitu huo huo wa Argonne, Mmarekani mweusi aitwaye Henry Johnson, wa kikosi cha 369 kutoka New York, alipambana usiku na doria ya Wajerumani, akamwokoa mwenzake asichukuliwe mateka, akapata majeraha 21. Wafaransa walimpa nishani. Nchi yake haikumpa kitu. Akafariki mwaka 1929, na Medal of Honor yake ikatolewa mwaka 2015, mikononi mwa Rais Obama, wakati mwenyewe alishazikwa zamani.

Na tukirudi kwetu: siku York anakusanya mateka Ufaransa, vita ile ile ilikuwa bado inaendelea huku. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wenzake Ulaya kuacha kupigana. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, kuhara na malaria huku wamebeba mizigo ya vita ambayo si yao. Jina lao limebaki Kariakoo, kutoka Carrier Corps, na wengi wetu tunakwenda pale kununua mitumba bila kuwaza. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja asiye na jina.

Simsemi vibaya York kwa hilo. Hakuchagua yeye nani aandikwe gazetini. Ila tukimkumbuka tukumbuke pia kwamba kukumbukwa kwenyewe kuna upendeleo wake.

AKARUDI NYUMBANI

Mei 1919 York akatua New York, gwaride, mahoteli, watu wanapiga kelele. Ofa zikamiminika: aigize filamu, apande jukwaani, atangaze bidhaa. Pesa ambazo angepata zingewabadilishia maisha ndugu zake wote. Akakataa. Aliona kwamba kuuza sare ya jeshi na yale yaliyotokea vitani haifai. Akataka arudi kwa mama yake na kwa Gracie, basi. Tarehe 7 Juni 1919 akamwoa Gracie, na aliyefungisha ndoa alikuwa gavana wa Tennessee mwenyewe. Mkwe mlevi wa zamani!

Wakapata watoto. Baadhi akawapa majina ya watu wa historia ya nchi yake, Woodrow Wilson, Sam Houston, Andrew Jackson, Betsy Ross. Ukiita watoto kula unaona kama umeita somo zima la historia.

Maisha hayakuwa mteremko. Wafanyabiashara wa Nashville walimchangia shamba, lakini pesa hazikutosha kulimaliza, na bei za mazao zikaanguka baada ya vita. Shujaa wa taifa akajikuta ana shamba zuri na deni zuri zaidi. Ilibidi michango ya watu ndiyo ije imwokoe.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu kilikuwa kinamsumbua. Safari ya Ufaransa ilimfungua macho. Aliona miji, barabara, watu waliosoma, akajiona yeye na wenzake wa milimani wameachwa nyuma, na sababu si akili. Hawakuwa na shule wala barabara. Akaanza kupigia debe vyote viwili. Alizunguka kutoa hotuba, na watu waliokuja kusikia habari za rashasha walisikia habari za watoto wa Fentress wasio na sekondari ya maana. Hebu jaribu kupiga picha: ukumbi umejaa, wanataka damu, yeye anaomba pesa ya madarasa.

Mwaka 1926 taasisi ikaanzishwa huko Jamestown, makao ya wilaya yake, ikapewa jina lake, York Institute, ya masomo ya kawaida pamoja na kilimo na ufundi. Hapo vita vya pili vikaanza. Alivutana na wanasiasa wa wilaya kuhusu wapi ijengwe na nani aiongoze. Mdororo wa uchumi ulipokuja miaka ya 1930 akaweka shamba lake rehani ili gharama za usafiri wa wanafunzi na mishahara ya walimu zilipwe. Mtu ana mke, ana watoto, ana mama, anaweka rehani ardhi yao kwa ajili ya watoto wa wengine. Mwaka 1936 akalazimika kuachia uongozi, na mwaka 1937 serikali ya jimbo ikaichukua shule moja kwa moja. Aliyeianzisha akabaki pembeni. Lakini shule haikufa. Mpaka leo ipo.

Na tusifiche: sheria za Tennessee wakati ule zilitenganisha watoto weupe na weusi, kwa hiyo mlango ule aliofungua York haukuwa wazi kwa kila mtoto. Hilo nalo liingie kwenye maelezo yetu.

FILAMU NA KODI

Kwa zaidi ya miaka ishirini mtengenezaji filamu Jesse Lasky alimfuata York amruhusu, York anakataa. Akaja kukubali mwaka 1940, kwa sababu sasa alitaka pesa za kujenga shule ya Biblia kijijini kwake. Filamu ikatoka mwaka 1941 kwa jina la Sergeant York, Gary Cooper akacheza yeye na akapata Oscar. Shule ya Biblia ikajengwa kweli, ingawa haikudumu.

Mwaka 1942 mzee mzima, miaka 54, akaenda kujiandikisha tena kwa Vita Kuu ya Pili. Afya ikamkatalia, akabaki kuzunguka makambini kuongea na vijana.

Halafu ikaja kodi. Pesa za filamu aligawa huku na huku, shule, kanisa, majirani wenye shida, na hakuwa mtu wa kutunza risiti. Mwaka 1951 watu wa mapato wakamdai kiasi ambacho hangeweza kulipa hata angeuza shati. Mwaka 1954 akapigwa na kiharusi, akawa mtu wa kitandani. Deni lilikuja kumalizwa mwaka 1961 kwa dola 25,000, baada ya wabunge kuongoza mchango wa kitaifa. Fikiria mtu aliyekataa utajiri mwaka 1919 anamaliza uzee wake akidaiwa kwa sababu ya pesa alizowapa wengine.

Alifariki tarehe 2 Septemba 1964, hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Nashville. Akazikwa kijijini kwao kwenye makaburi ya Wolf River, karibu na kanisa alilolitumikia. Gracie alimfuata mwaka 1984.

KWA NINI NAWAANDIKIA HAYA

Wengi wetu tukimaliza hapa tutapangiwa vijijini. Tumeshaanza kutaniana nani atapelekwa wapi, nani atarudisha barua, nani ana mjomba wizarani. Tunaongea kama vile kijiji ni adhabu. Huyu mzee alikuwa na New York nzima inamwita, akarudi mahali ambapo barabara haikuwepo. Hakuwa na shahada ya ualimu wala kozi hata moja ya saikolojia ya elimu. Alikuwa na miezi tisa ya shule na hasira ya kuona watoto wengine wanapata hiyo miezi tisa tu.

Ushujaa wa tarehe 8 Oktoba ulichukua masaa machache na haukumwachia nafasi ya kuchagua, maana risasi zilikuwa zinakuja. Shule alichagua mwenyewe, siku baada ya siku, huku wakubwa wa wilaya wakimpinga na shamba likiwa rehani. Hakuna gwaride kwa hilo. Nadhani ndiyo maana vitabu vinalipa aya moja na vita vinapewa kurasa kumi.

Kwa hiyo mwenzangu utakayefundisha Vita Kuu ya Kwanza, ukimaliza sababu na matokeo, ukimtaja York, taja na wenzake 16. Taja Johnson, taja wapagazi wa Kariakoo. Halafu waambie wanafunzi kuhusu jengo la Jamestown. Kuna mtoto nyuma ya darasa ambaye hatawahi kushika bunduki, na anahitaji kujua kwamba hata yeye anaweza kuwa shujaa.

Ni hayo tu kwa leo. Wanaobisha kuhusu lile suala la muumini na bunduki nawakaribisha, ila njooni na hoja, msije na jazba. Nawasilisha.